Safari ya Haki Jijini: Kutoka Lumumba Hadi Temeke

Kila haja ina mtaa wake katika jiji la Dar es Salaam. Mwenye kutaka samaki huelekea Feri alfajiri. Mwenye kutaka khanga, sufuria au vipuri vya baiskeli huelekea Kariakoo. Mwenye mgonjwa mahututi humpeleka Muhimbili. Njia hizo hata mtoto wa shule atakuelekeza. Lakini msimamishe mpita njia yeyote umwulize: "Ndugu yangu, mtu asiye na fedha ya kumlipa wakili aende wapi kudai haki yake?" Wengi watasita, na baadhi yao watakujibu kwamba mtu wa namna hiyo amwachie Mungu.

Swali hili si la wanasheria peke yao. Ni swali la mama wa Mbagala aliyefiwa na mumewe, na ambaye kabla ya arobaini kwisha amekwisha kuulizwa atahama lini. Ni swali la mpishi wa hoteli aliyeambiwa jioni kwamba kesho asirudi. Ni swali la mzee wa Buguruni ambaye kiwanja alichokinunua kwa karatasi ya mjumbe wa nyumba kumi kimejitokeza kuwa na mwenyewe wa pili. Watu hawa hawakumwibia mtu wala hawakumpiga mtu. Wanacho kitu kimoja tu: madai.

Na hapo ndipo ulipo ugumu wenyewe. Katika kesi ya jinai, Jamhuri ndiyo inayoshtaki: polisi hupeleleza, mwendesha mashtaka husimama, mashahidi huitwa. Katika shauri la madai hakuna askari atakayebisha hodi mlangoni kukuuliza kama umedhulumiwa. Haki ya madai hungoja iendewe na mwenyewe, kwa miguu yake, kwa karatasi zake, na ndani ya muda uliowekwa. Ajuaye njia hufika. Asiyeijua huzunguka mpaka nauli ikamwishia.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kumchukua msomaji wetu katika safari ya jiji hili, si kwa ajili ya kutazama maghorofa, bali kwa ajili ya kuifuata njia hiyo, na kuwaona wale wanaowashika mkono wasiojiweza bila ya kudai malipo.

MWANZO WAKE LUMUMBA

Safari yetu yaanzia Mtaa wa Lumumba, kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Wapitao hapo kila siku, wakikimbilia basi au soko la Kariakoo, huenda hawakumbuki kwamba katika jengo la TANU la mtaa huu ndimo kilimoanzia Chuo Kikuu. Tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, chuo kilifungua milango yake kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Hakikuanza na udaktari wala uhandisi. Kilianza na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria, chenye wanafunzi wachache. Miongoni mwa wanafunzi hao wa kwanza alikuwamo mwanamke, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria.

Kuanza na sheria hakukuwa jambo la bahati nasibu. Nchi ilikuwa ikijitawala, na wananchi wake waliosomea sheria walikuwa wachache mno. Mahakama zilikuwapo, vitabu vya sheria vilikuwapo, lakini kwa kabwela wa Magomeni wakili alikuwa mtu wa kusikika, si mtu wa kuonekana.

Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, na sheria ikahamia huko pamoja nacho. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, walimu na wanafunzi wa Kitivo cha Sheria walikuwa na kamati yao ya msaada wa sheria. Watu walipanda mlima na bahasha zao mkononi: barua ya kufukuzwa kazi, hati ya wito, hukumu ambayo mwenyewe hakuielewa. Mwalimu wa chuo alisoma, akaeleza, akaandika. Mwanafunzi aliketi kando, naye akajifunza jambo lisilopatikana katika mihadhara: kwamba nyuma ya kila kifungu cha sheria yupo mtu aliyelala bila usingizi.

Yafaa msomaji aelewe kwa nini kazi hiyo iliachiwa watu wa kujitolea. Mwaka 1969 ilitungwa sheria ya kuwapatia msaada wa wakili washtakiwa wasio na uwezo, lakini sheria hiyo ilihusu mashauri ya jinai tu. Mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa aliweza kupewa wakili kwa gharama ya serikali. Mjane aliyenyang'anywa nyumba hakumo katika sheria hiyo. Pengo hilo lilidumu kwa muda wa karibu miaka 50, na katika muda wote huo lilizibwa kwa sehemu kubwa na watu waliotoa ujuzi wao bure.

KIVUKONI, MBELE YA BAHARI

Tuondoke Lumumba kwa miguu, tuvuke Mnazi Mmoja, tuikate Barabara ya Samora, mpaka upepo wa bahari utupige usoni. Tumefika Kivukoni. Hapa ndipo penye Mahakama Kuu, na karibu yake lipo jengo ambalo historia yake yafaa kusimuliwa. Zamani za ukoloni lilikuwa Dar es Salaam Club, mahali pa wakubwa wa Kizungu kupunga upepo na kunywa vinywaji vyao. Baadaye likawa Hoteli ya Forodhani. Kisha likawa nyumba ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mahakama iliyoanzishwa mwaka 1979, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki na mahakama yake ya rufani. Makao makuu ya Mahakama yamekwisha kuhamia Dodoma, katika jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2025, lakini mjini humu kumbukumbu za Kivukoni zinabaki.

Mojawapo ya kumbukumbu hizo yamhusu kila mke na kila mume asomaye ukurasa huu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu katika rufani ya mwanamke mmoja wa jiji hili aliyepewa talaka. Mahakama yenyewe ilimtaja kuwa ni mtu fukara. Alipokuwa ameomba sehemu ya mali iliyopatikana wakati wa ndoa, Mahakama ya Mwanzo ilimjibu kwamba yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Mwanamke huyo hakukubali. Alipanda ngazi za mahakama moja baada ya nyingine mpaka akafika ile ya juu kabisa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaitaka mahakama inapogawa mali ya wanandoa itazame mchango wa kila mmoja wao, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Swali lilikuwa: je, kupika, kufua, kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango? Mahakama ya Rufani ikajibu kwamba ni mchango. Kazi ya mke nyumbani ni kazi, nayo ina haki ya kuhesabiwa.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba mwanamke yule alirudi nyumbani na ufunguo. Mahakama iliona kwamba wakati wa ndoa alikuwa amepewa fedha na mumewe na kuzitumia vibaya, kwa hiyo ikahesabu kuwa sehemu yake alikwisha kuipata. Rufani yake ilitupwa. Aliondoka mikono mitupu, lakini aliwaachia maelfu ya wanawake waliomfuata msingi wa kusimamia. Tangu siku hiyo, mwanamke asiye na stakabadhi hata moja yenye jina lake aweza kuingia mahakamani na kusema, "Nilifanya kazi," na mahakama ikalazimika kumsikiliza. Hiyo ndiyo thamani ya shauri la maskini linapofikishwa mahali panapostahili. Faida yake haiishii kwa mwenye shauri.

Jambo la pili la kukumbukwa hapa Kivukoni ni lugha. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili, lakini kadiri mtu alivyopanda ngazi, ndivyo Kiingereza kilivyomngoja juu. Watu walishinda na kushindwa kwa maneno wasiyoyaelewa. Mama alipewa hukumu ya kurasa nyingi, akaikunja, akaifunga kwenye ncha ya khanga, akamtafuta kijana wa jirani aliyesoma amsomee. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi ya wakili wa kujitolea ilikuwa ni hiyo: kumwambia mtu, kwa lugha yake, kilichoamuliwa juu ya maisha yake. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikatamkwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ijapokuwa Kiingereza bado chaweza kutumika panapokuwa na sababu. Ni hatua kubwa. Lakini Kiswahili cha sheria nacho kina vichaka vyake. Mtu aweza kukijua Kiswahili tangu tumboni mwa mama yake, na bado asijue tofauti ya pingamizi na rufani.

ILALA: BENCHI NA DAFTARI

Tugeuze uso, tuiache bahari nyuma, tuelekee Ilala. Katika miaka ya mwisho ya 1980 wanasheria wanawake wa nchi hii, ambao wengi wao walikuwa na ajira zao serikalini na kwingineko, walikusanyika wakaunda chama chao. Chama hicho, kijulikanacho kwa jina la TAWLA, kilianzishwa mwaka 1989 na kuandikishwa mwaka 1990, na msaada wa sheria kwa wanawake na watoto ukawa miongoni mwa kazi zake za kwanza. Wakati huo huo ndipo ilipopandwa mbegu ya Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, na mwaka 1995 kikazaliwa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Wanachama wa Chama cha Wanasheria Tanganyika nao hutenga siku za kuwasikiliza wananchi bila malipo.

Ofisi ya msaada wa sheria haifanani na ofisi ya wakili wa mjini, yenye zulia na kiyoyozi. Alama yake ni benchi. Watu hufika mapema, huandikishwa kwenye daftari, kisha hungoja zamu. Ndani, mwanasheria husikiliza kwanza. Hadithi ya mwenye shida mara chache huanzia mahali pake: huanzia kwa mama mkwe, ikapitia kwa jirani, ndipo ikafika kwenye nyumba inayogombewa. Msikilizaji mzuri huiacha hadithi ipite, kisha huuliza swali moja la kisheria lililojificha ndani yake: "Mama, nyumba hiyo mlianza kuijenga kabla ya ndoa au baada yake?"

Baada ya hapo kazi huwa ya aina nne. Ya kwanza ni ushauri, na kwa wengi ushauri peke yake hutosha. Ya pili ni upatanishi: barua huandikwa kumwita upande wa pili, na mara nyingi mume aliyekataa kutoa matunzo ya watoto hulegea aonapo barua yenye muhuri. Ya tatu ni kuandika hati za mahakamani kwa niaba ya mtu atakayesimama mwenyewe. Ya nne, ambayo hupewa wachache kwa kuwa mawakili ni wachache, ni wakili kusimama mahakamani.

Aina ile ya tatu yafaa kuangaliwa kwa makini. Kwa miaka mingi sheria ilikataza wakili kuonekana katika Mahakama ya Mwanzo, na ni mwaka 2021 tu ndipo mlango ulipofunguliwa kwa zile zinazoongozwa na hakimu mkazi. Basi wanasheria wa kujitolea walijifunza kazi ngumu kuliko ya kumsemea mtu, nayo ni kumfundisha mtu kujisemea. Alifundishwa jambo gani aanze nalo, shahidi gani amwite, karatasi gani aitoe na kwa wakati gani, na jinsi ya kumwuliza maswali mpinzani wake bila ya kugombana naye. Mwanamke ambaye katika maisha yake hajapata kusimama mbele ya watu, aliingia barazani akasema neno lake mpaka mwisho. Hata alipokosa alichokidai, hakutoka akiwa mtu yule yule aliyeingia.

Mwaka 2017 Bunge lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1969. Kwa sheria hii, msaada wa kisheria ulitambuliwa katika mashauri ya madai kadhalika na ya jinai. Watoa msaada wakatakiwa kuandikishwa. Na wasaidizi wa kisheria, yaani wananchi waliopewa mafunzo bila ya kuwa mawakili, wakapewa nafasi yao. Kuanzia mwaka 2023 serikali pia imekuwa ikiendesha kampeni ya msaada wa kisheria mikoani. Msaidizi wa kisheria huelimisha, huelekeza na husaidia kupatanisha, lakini haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani kama wakili. Na msaada huu ni bure. Anayejiita mtoa msaada wa kisheria kisha akaomba "kitu kidogo cha faili" amejitambulisha mwenyewe. Huyo ni kishoka, na vishoka wamekula nyumba nyingi katika jiji hili.

KARATASI YA SHEMEJI

Kabla ya kwenda Temeke, tuchukue mfano mmoja. Ni mfano tu, lakini kila mtaa unazo habari zinazofanana nao.

Mama amefiwa. Mume alikuwa dereva, na wameacha nyumba ya vyumba vinne, pikipiki moja na watoto watatu. Siku ya ishirini tangu mazishi, kaka wa marehemu anakuja na karatasi. "Shemeji, weka sahihi yako hapa, tumalize mambo ya mirathi. Wewe usijisumbue na mahakama, sisi ndugu tupo." Mama ana huzuni, ana watoto, na amelelewa katika kuwaheshimu wakwe. Anaweka sahihi.

Karatasi ile huenda ni muhtasari wa kikao cha familia unaompendekeza shemeji kuwa msimamizi wa mirathi. Kwa yenyewe si jambo ovu, kwani lazima awepo msimamizi, na shemeji aweza kuwa mtu mwaminifu. Uovu hupata nafasi mama asipoambiwa mambo mawili. La kwanza, msimamizi wa mirathi si mrithi wala si mwenye mali. Ni mtumishi wa warithi, ambaye kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. La pili, mama anayo haki ya kusema kabla msimamizi hajateuliwa, na hata baada ya uteuzi aweza kuiomba mahakama imwondoe msimamizi anayetumia mali kwa manufaa yake mwenyewe.

Mama huyu akifika kwenye benchi la msaada wa sheria siku ya ishirini na moja, kazi ni nyepesi: wakili atamsomea karatasi na kumwandikia pingamizi endapo linahitajika. Akifika baada ya miaka miwili, nyumba ikiwa imeuzwa kwa mtu wa tatu naye amekwisha kuingiza mafundi, kazi ni ya miaka mingine. Mawakili ni wale wale na sheria ni ile ile. Kilichobadilika ni tarehe.

TEMEKE, CHINI YA PAA MOJA

Sasa tuingie Temeke. Huko kipo Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, ambacho tangu mwaka 2021 kimekuwa kikishughulikia mashauri ya ndoa, mirathi na watoto. Ubora wake ni kwamba ngazi mbalimbali za mahakama, kuanzia ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu, zimewekwa mahali pamoja, pamoja na nafasi kwa watoa huduma ambao mwenye shauri huwahitaji, wakiwemo wa msaada wa sheria. Zamani mfiwa alizunguka jiji zima, leo cheti, kesho kiapo, keshokutwa faili. Na kwa mtu wa mshahara mdogo, kila mzunguko ni siku ya kazi iliyokatwa.

Lakini jengo zuri halimwondolei mtu haja ya kujua taratibu. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu yaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Mirathi ya aina nyingine ina mlango mwingine. Atakiwa mtu awe na cheti cha kifo kutoka RITA, na kwa kawaida muhtasari wa kikao cha familia. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hupewa miezi minne kupeleka orodha ya mali za marehemu, na baadaye hutakiwa kutoa hesabu ya namna alivyozigawa. Warithi wengi hawajui habari ya miezi hiyo minne. Hukaa nyumbani wakinung'unika kwamba baba mdogo "amekalia mirathi", kumbe mahakama iko tayari kumwita ajieleze, endapo tu mtu atakwenda kuiambia.

Katika ndoa vilevile yapo mambo ya kufahamika. Kwa kawaida, kabla mtu hajafungua shauri la talaka, sharti mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa na baraza litoe cheti kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mwanandoa mmoja hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ya ridhaa ya mwenzake. Na watu walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, wakajulikana na jamii kama mume na mke, hudhaniwa kisheria kuwa wameoana, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Mambo haya yamo katika Sheria ya Ndoa tangu mwaka 1971. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado wapo wanaoondoka na mabegi yao usiku kwa sababu ya kuambiwa, "Wewe hukuolewa, huna chako hapa."

SAA YA UKUTANI

Katika safari yote hii, kitu kimoja kimekuwa kikitufuata, nacho ni saa. Mfanyakazi anayeona kwamba ameachishwa kazi bila ya haki anazo siku 30 tu za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo anazo siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Madai ya ardhi yana kikomo cha miaka 12, na madai ya mikataba miaka 6. Yawezekana kuomba kuongezewa muda, lakini aombaye lazima aeleze sababu ya kuchelewa. Kusema "sikujua" mara nyingi hakutoshi.

Ndiyo maana yatupasa kusema kweli juu ya mipaka ya msaada huu. Mawakili wa kujitolea wanayo mikate yao ya kutafuta. Wengi wamo mijini, na vijijini hali ni ngumu zaidi. Si kila anayefika atapata wa kusimama naye, wala si kila anayesaidiwa atashinda. Wakati mwingine msaada wenyewe ni kuambiwa, "Mzee wangu, shauri hili huna, usiuze mbuzi wako kulipigania." Neno hilo ni chungu, lakini limeokoa watoto wengi wasilale njaa kwa ajili ya kesi isiyo na miguu.

Na jitihada hizi si za Dar es Salaam peke yake. Nairobi kipo Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973 na mawakili waliokerwa kuona maskini hana wa kumsemea. Zanzibar kipo Kituo cha Huduma za Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1992. Kote huko waliotangulia waliligundua jambo lile lile: mwenye shida huja mwishoni, baada ya kujaribu majirani, wazee, waganga na vishoka.

NENO KWA JAMAA

Basi jamaa wasomao ukurasa huu wachukue lililo muhimu. Usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa, hata kama anayekuletea ni mtu wa damu yako. Omba siku moja ya kufikiri. Mwenye nia njema atakupa. Wekeni mahali pamoja vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, mikataba ya nyumba na ya kazi, stakabadhi za saruji na mabati. Unapokwenda kutafuta msaada, chukua karatasi zote, hata zile unazodhani zinakuumiza, kwa kuwa wakili asiyeziona leo atazionyeshwa na mpinzani wako mbele ya hakimu. Andika tarehe: siku ya kufukuzwa kazi, siku ya hukumu, siku ya msiba. Iwapo huna nauli ya kwenda mbali, anza na ofisi ya serikali ya mtaa au ya kata, uulizie msaidizi wa kisheria aliyeandikishwa.

Ninyi vijana mliosoma sheria kwa kodi ya wazazi hawa hawa, kumbukeni chuo chenu kilianzia mtaa gani. Jioni moja kwa juma kwenye benchi la Ilala au la Temeke haitamfilisi mtu. Na wewe mama ambaye bado una karatasi ya shemeji mezani, ambayo hujaitia sahihi: kesho ni Jumatatu, ofisi zinafunguliwa asubuhi. Ichukue uende nayo.